Vidato vya Gitaa la Mjomba

Ni ada ya watu wengi, wakitajiwa utamaduni wa taifa, kukimbilia ngoma, mavazi, mapishi na jando. Gitaa huachwa nje ya mlango. Tumepata kukaa katika vikao vya shughuli za utamaduni, kazi yetu ikiwa ni kuandika kumbukumbu, tukamsikia mzee mmoja mwenye heshima akisema ya kuwa gitaa ni chombo cha wageni, na kwamba haifai fedha ya umma itumike kuhifadhi sauti yake. Hatukumjibu siku ile, maana mwandishi wa kumbukumbu huandika, hasemi. Walakini neno lile lilitukaa moyoni, na leo twapenda kulijibu kwa njia ya kando. Twapenda kueleza habari ya vipande vya waya vilivyopigiliwa juu ya shingo ya gitaa, ukubwa wake wa zamani na ukubwa wake wa sasa, na jinsi kutoijua kwetu tofauti hiyo kulivyotupotezea kitu ambacho hatutakipata tena.

Kwanza jina. Mafundi na wapigaji huviita vipande hivyo freti, nasi hatuna ugomvi nao. Lakini kwa kuwa tu watunzi wa mashairi, neno letu ni kidato. Mwanafunzi wa kidato cha pili asicheke. Mgema wa Pangani huchonga vidato katika shina la mnazi apate pa kutia mguu. Na vidole vya mpigaji hupanda na kushuka shingo ya gitaa vivyo hivyo. Tena liko zeze la zamani la pwani, lile la kipande cha mti na kibuyu, lenye vidato vitatu vilivyochongwa katika mti wenyewe, ambavyo juu yake uzi hubanwa ili sauti ipande. Kwa hiyo fikra ya kuugawa uzi kwa vidato haikushuka bandarini pamoja na gitaa. Hilo laweza kuwa jibu la kwanza kwa yule mzee wa kikaoni.

Mjomba wetu, kaka yake mama, alizaliwa Pangani mwaka 1940. Alihamia Tanga angali kijana, akapanga chumba Ngamiani, na mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, akaingia bendi. Tanga ya miaka ile ilikuwa mji wa mkonge na wa muziki. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilikuwa hapo. Na klabu za taarabu za Black Star na Lucky Star zikafanya jambo jipya, zikaliketisha gitaa la umeme pahala ambapo kwa desturi huketi udi. Bendi ya mjomba ilikuwa ndogo, na jina lake halikuvuka Korogwe. Ilipiga dansi Jumamosi, na ikialikwa harusini ilipiga taarabu, maana ujira wa harusini ulilipwa siku ileile.

Udi hauna vidato. Shingo yake ni laini kama bao la kuandikia, na mpigaji aweza kuweka kidole popote apendapo, hata katikati ya sauti mbili, pale ambapo nyimbo za Kiarabu hupenda kukaa. Gitaa halina ruhusa hiyo: vidato vyake hugawa sauti katika ngazi 12 zilizo sawa, na kati ya ngazi na ngazi hapana pa kusimama. Mjomba aliyetoka dansini Jumamosi akaingia harusini Jumapili ilimpasa atafute hila. Hila yake ilikuwa kuubana uzi kwa nguvu, kisha kuusukuma pembeni kidogo tu, sauti ikapanda robo ya ngazi, ikalia kama mtu aliyesita mlangoni. Wanawake wa Ngamiani waliijua sauti ile, na ikifika walituza.

Yafaa hapa tueleze kidato kinafanya nini. Mahali pa vidato ni hesabu tupu. Uzi wa gitaa la aina ya lile la mjomba una urefu wa milimita 648 tangu kipande cha mfupa kilicho kichwani hadi daraja kifuani. Gawanya urefu huo kwa 17.8 na kidogo, utapata kama milimita 36: hapo ndipo kilipo kidato cha kwanza. Kilichobaki ukigawanye tena kwa namba ileile, upate cha pili, na kuendelea hivyo. Ukifika cha 12 utajikuta katikati kabisa ya uzi. Zamani mafundi wa Ulaya waligawanya kwa 18. Kanuni hiyo ilielezwa na Vincenzo Galilei, mwanamuziki wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1581. Naye ni baba yake yule Galileo anayesomwa katika darasa la fizikia. Vidato vya siku hizo vilikuwa vya utumbo wa mnyama, vikifungwa kuizunguka shingo ya chombo, navyo viliweza kusogezwa. Vya chuma vilipokuja havikusogezeka tena. Kwanza vilikuwa vipande bapa vya chuma vilivyosimamishwa katika mfuo. Kampuni ya Martin ya Marekani ilivitumia hivyo hadi miaka ya 1930. Kisha ukaenea waya wenye umbo la herufi T, ambao mguu wake huzama katika ubao na kichwa chake cha mviringo hubaki juu. Waya huo kwa kawaida ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Wazungu huuita fedha ya Kijerumani, ingawa hamna fedha ndani yake hata chembe.

Kwa hiyo mahali pa kidato hapakubadilika sana. Kilichobadilika ni ukubwa wa kichwa cha waya, yaani upana wake na kimo chake juu ya ubao. Magitaa ya Fender ya miaka ya 1950 yalikuwa na vidato vyembamba, upana wake kama milimita 2 na kimo chake kama milimita 1.1. Gibson nao mwaka 1954 walitoa gitaa lao la Les Paul Custom lenye vidato vifupi na bapa mno hata wapigaji wakaliita ajabu lisilo na vidato. Leo mambo ni mengine. Magitaa mengi ya kisasa yana vidato vyenye kimo cha milimita 1.4, vingine vikiwa na upana wa milimita 2.3, vingine 2.8, na hivi vya mwisho ndivyo Wamarekani wavitajavyo kwa jina la jumbo. Vipo na vya kati, vipana lakini vifupi. Msomaji atasema: tofauti ya kimo ni sehemu tatu za kumi za milimita, unene wa karatasi tatu za daftari, ya nini kupigia kelele? Nasi tulisema hivyo hivyo.

Sababu ya mabadiliko ni nyuzi. Mpigaji wa miaka ya 1950 alitumia nyuzi nene, na hata uzi wa tatu ulikuwa umeviringishiwa waya juu yake kama nyuzi za besi. Uzi wa namna hiyo hauvutiki pembeni kwa urahisi, na mpigaji alitaka mkono wake uteleze juu ya shingo pasipo kugonga visiki. Kidato kifupi kilimfaa. Kisha wakaja vijana wa Marekani na Uingereza waliotaka kuuvuta uzi mpaka ulie kama sauti ya binadamu. Baadhi yao walichukua uzi mwembamba wa banjo wakauweka mahali pa uzi wa kwanza. Mwaka 1962 Ernie Ball, mwenye duka huko California, akaanza kuuza nyuzi nyembamba zilizokwisha pangwa kwa ajili yao. Nyuzi zilipopungua unene, vidole vikataka kushika uzi bila kukwaruza ubao, vikataka kidato kirefu kinachouinua uzi juu. Hata mgongo wa ubao wa vidole ukalazwa: ule wa zamani wa Fender ulikuwa umeinama kama kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha milimita 184, na uzi uliovutwa ungeweza kugota kidato cha mbele na kufa, wa siku hizi waweza kuwa wa milimita 241, au hata 305.

Mjomba hakuwa na habari ya mambo hayo ya California. Gitaa lake, kwa haki, halikuwa lake. Katika bendi nyingi za nchi yetu vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, naye mpigaji alimiliki vidole vyake tu. Bendi ilipovunjika mwaka 1983 ilikuwa na deni la mishahara ya miezi mingi, na mjomba akaambiwa achukue gitaa badala ya fedha. Umbo lake ni lile la Fender. Jina la kichwani lilikwisha futika kwa jasho na sabuni kabla hatujajua kusoma. Lina vidato 21, vyembamba, vya kale.

Tulikuwa watoto wakati alipokuwa akilipiga kila juma. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa ziliadimika, na nyuzi za gitaa ziliadimika kuliko sukari. Mjomba alizifungua nyuzi zake, akazitia katika sufuria ya maji yanayochemka ili zitoe jasho na taka, akazianika juani, akazirudisha. Kazi yetu sisi ilikuwa kuishika kamba ya kuanikia isitikisike. Uzi uliochemshwa mara nne huwa mgumu na mkwaruzo, nao hukila kidato kama tupa. Ndivyo vidato vya mjomba vilivyoanza kulika. Kila palipobanwa uzi pakawa na kijishimo, na kadiri vidato vilivyofupika ndivyo mkono wake ulivyozidi kubana, mpaka akawa haridhiki asipousikia uzi ukigusa mti.

Vidato alivitaja kwa lugha ya mtaa. Mwenye kuijua Tanga ajua ya kuwa barabara za Ngamiani huitwa kwa namba. Basi mjomba akimfundisha kijana alisema, "Toka barabara ya tatu, katiza hadi ya tano, rudi nyumbani," na nyumbani ilikuwa uzi usiobanwa. Hatujapata kusikia somo la muziki lililo wazi kuliko hilo.

Mwaka 2016, tukiwa tumekwisha tumikia idara kwa miaka mingi, tulipata ruhusa na kinasa sauti kizuri ili kurekodi wapigaji wazee wa mkoa. Mjomba alikuwa na miaka 76. Alituambia ana nyimbo 11 ambazo bendi yake haikupata kuzirekodi, nyingine za dansi, nyingine za harusi, na kwamba yuko tayari. Kizuizi kilikuwa gitaa. Katika barabara ya pili na ya tatu nyuzi zilizizima kama nyuki katika chupa, na mahali pengine sauti ilikufa kabisa. Tukasema gitaa hili tutalitengeneza kwa gharama yetu wenyewe. Twakiri kwamba tulijisikia wakubwa kidogo tulipolisema hilo mbele ya jamaa.

Tukalipeleka Dar es Salaam kwa fundi kijana mwenye mikono mizuri. Akalitazama, akasema, "Mzee, freti zimekwisha, hata nikizisawazisha kwa tupa hapatabaki kitu. Nikuwekee zipi, nyembamba za zamani au nene za kisasa? Nene ninazo hapa." Tungeweza kumwuliza tofauti. Tungeweza kumpigia simu mjomba. Sisi tuliotumia siku nyingi kuwaambia watu wasiyatupe ya kale, tulijibu mara moja, "Weka za kisasa, zilizo kubwa." Tulidhani kipya na kikubwa ndicho kilicho bora, kama mtu anunuaye viatu bila kumpima avaaye. Akatia na nyuzi mpya nyembamba, uzi wa kwanza ukiwa na unene usiofika robo ya milimita. Fundi hana kosa lolote. Kazi yake ilikuwa safi, vidato viking'aa kama shanga.

Mjomba alilipokea kwa mikono miwili, akalisifu, akakaza nyuzi. Alipopiga mshiko wa kwanza, tuliona uso wake ukibadilika. Akazikaza nyuzi upya, akapiga tena. Kila uzi ukiachwa wazi ulikuwa sahihi. Akibana, mshiko wote ulichacha, sauti moja ikipanda zaidi ya mwenzake. Alijaribu kwa muda wa saa nzima huku kinasa sauti kikizunguka. Mwisho akaliweka gitaa mapajani akasema kwa upole, "Mpwangu, umenihamisha mtaa. Namba za barabara ni zilezile, lakini nyumba sizijui."

Ilitubidi tuulize baadaye ndipo tukafahamu. Uzi ukikandamizwa nyuma ya kidato hushuka kuelekea kwenye ubao, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyokazika na sauti yake kupanda. Penye kidato kifupi hapana kina cha kushuka. Ubana upendavyo, mti wenyewe hukuzuia. Penye kidato kirefu pana kina, na mkono mzito huuzamisha uzi. Vidato vya mjomba vilivyochakaa labda vilikuwa vimebaki na nusu ya kimo chake. Vipya vilikuwa na milimita 1.4. Mkono uliofundishwa kwa miaka 55 kuutafuta mti sasa uliutafuta mahali palipo mbali, na nyuzi nyembamba zikaongeza ubaya, maana huo mzigo wa vidole huziyumbisha zaidi. Hata hila yake ya harusini iliharibika: alipousukuma uzi robo ya ngazi, ulikimbia ngazi nzima. Mpigaji kijana angejifunza kubana kwa wepesi katika majuma machache, na angefurahia. Mzee wa miaka 76 mwenye baridi yabisi katika vidole hatakwenda kujifunza kushika upya.

Tumewahi kuwaza, katika kulifikiri jambo hili, juu ya ugomvi uliozuka katika ushairi wetu baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974. Tulipoanza kutunga, ugomvi ule ulikuwa ungali moto, nasi tulikuwa upande wa vina na mizani. Twakumbuka jinsi tulivyokuwa tukidai kwamba mizani ndiyo shairi. Siku hiyo Ngamiani tuliona mizani 12 zilezile, hazikupungua wala kuzidi, na wimbo haukuwapo.

Tukaagiza waya mwembamba. Kwa fundi haukuwapo, wala katika maduka tuliyoyaulizia Kariakoo, na jamaa aliye ng'ambo alipoupata ulikuwa umekwisha pita muda wa miezi saba. Kung'oa vidato nako si kazi ya bure: waya ukitoka huondoka na vijibanzi vya ubao, na mifuo hupanuka, ikabidi fundi aijaze kwa unga wa mti na gundi kabla ya kupigilia upya. Gitaa lilirudi Tanga katikati ya mwaka 2017, likiwa na vidato vya milimita 2 kwa 1.1 na nyuzi nene kama za zamani. Mjomba alipiga mshiko mmoja, akacheka, akasema, "Hapa napajua."

Lakini katika miezi ile saba mkono wa kushoto ulikuwa umekaza zaidi. Kati ya nyimbo 11 alitupigia nne kwa ukamilifu, kwa siku tatu, akipumzika kila baada ya dakika chache. Saba zilizobaki alituimbia sauti zake kwa mdomo, lakini vidole havikufika. Kinasa sauti kinazo: mzee aimba, kisha mkono wajaribu, kisha kimya, kisha asema, "Basi, turuke huu." Mjomba alifariki mwaka 2019. Hatupendi kusema kwamba tungelijibu vingine katika karakana ile tungekuwa na nyimbo zote 11, maana ajuaye ni Mungu. Twajua tu kwamba siku tuliyolipeleka gitaa Dar es Salaam vidole vyake vilikuwa vikiweza.

Gitaa lilirithiwa na mjukuu wake, binti wa mwanawe mkubwa, aliye mpigaji wa solo katika bendi ya vijana hapo Tanga. Mwaka juzi alitujia kwa adabu zake zote. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akasema, "Baba mdogo, nina ombi. Nataka freti zile nene zirudi." Tulinyamaza kwa muda. Tulifikiria mifuo ya ubao ambayo ilikwisha jazwa mara moja. Tulifikiria ile miezi saba. Tukamwuliza kama hajui habari ya babu yake na zile nene. "Naijua, Baba mdogo. Lakini mkono wake ulikuwa mzito, wangu ni mwepesi. Mimi nyuzi zangu ni nyembamba, nazivuta sana, na hizi fupi zinanikwaruza vidole kwenye mti." Akachukua gitaa akatuonyesha. Aliuvuta uzi wa pili katika kidato cha nane, nao ukapanda kidogo kisha ncha ya kidole ikateleza, sauti ikakatika. Akaazima gitaa la mwenzake lenye vidato virefu, akauvuta uzi uleule mahali palepale, na sauti ikapanda pole pole, ikapita nusu, ikasita, ikakaa pale pa robo ambapo babu yake alikuwa akipatafuta kwa kucha na jasho. Hakuambiwa na mtu. Tulimwomba arudie, akarudia mara tatu.

Tulilipa sisi. Fundi ni yuleyule, sasa ana karakana kubwa na wanafunzi wawili. Kabla hajaanza alituuliza tena zipi, na safari hii tulimwambia amwulize mpigaji. Mifuo imepokea, ingawa alitutahadharisha kwamba mara nyingine itahitajiwa ubao mpya. Kumbe yule fundi hakuwa ametupa vile vidato vya kwanza, vile vilivyolika. Aliviweka katika kopo la maziwa, akatukabidhi pamoja na vyembamba vya 2017, akasema vimechanganyika na hajui kipi kilikuwa wapi.

Jumapili iliyofuata tulivimwaga vile vya kwanza mezani. Shingo ya gitaa hupanuka kadiri inavyokaribia kifua, kwa hiyo kidato cha kwanza ni kifupi kwa urefu na cha mwisho ni kirefu kuliko vyote. Tukatafuta rula, tukavipanga. Vile vitatu vya mwanzo vilikuwa na vijishimo virefu chini ya uzi wa kwanza, wa pili na wa tatu, pale alipokuwa akishika mishiko ya dansi. Cha tano na cha saba vilikuwa na jambo jingine: kijishimo chake hakikuwa cha kusimama bali cha kulala, kimepanuka upande mmoja kama njia ya mbuzi, palipokuwa pakisukumwa uzi harusini. Kuanzia cha 15 kwenda mbele vilikuwa vizima, vina mviringo wake wa kiwandani, maana huko juu mjomba hakuwa na shughuli. Tulivihesabu vikawa 20. Kilichokosekana ni cha nne. Tukaacha nafasi yake mezani, tukavibandika katika kipande cha ubao kwa utaratibu wake, na chini ya kila kimoja tukaandika namba ya barabara.